Tripu za Mchanga na Kopo la Ubuyu: Siku Saba Vijijini Dodoma

Jumatatu

Basi limetoka Msamvu, Morogoro, saa moja na nusu asubuhi. Tuko watatu: mimi, mtunza bohari mstaafu; mama mmoja aliyewahi kuwa mratibu elimu kata, ambaye sote tunamwita Mwalimu; na kijana wetu wa kupiga picha na kuandika hesabu kwenye simu. Miaka michache iliyopita tulifundishwa ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma ngazi ya kijiji, na tangu hapo kila Julai tunakwenda pale wanakijiji wanapotuita. Julai ndio mwezi wenyewe. Mwaka wa fedha umefungwa tarehe 30 Juni, mtama na alizeti viko ndani, na watu wana nafasi ya kukaa chini wakaulizana.

Kibaigwa tumeshuka kunywa chai. Malori ya mahindi yamejipanga hadi pembeni ya barabara kuu, vijana wanashona magunia, na kila gunia linapanda mzani mbele ya macho ya aliyelileta. Nimemwambia kijana, tazama hapo, hayo ndiyo tunayokwenda kuyafanya. Amecheka, kadhani natania.

Usiku tumelala Kongwa. Mzee wa nyumba ya wageni, aliposikia shughuli yetu, akaanza habari za karanga. Waingereza walikuja hapa mwaka 1947 na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa za Tanganyika, na waliotumwa kuikagua ardhi waliiona zaidi kutoka ndani ya ndege. Walileta matrekta, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa vya kung'olea visiki. Udongo wa huku ukinyeshewa unalainika, ukikauka unakuwa kama sakafu. Karanga zikakwama humo humo ardhini. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na pauni takriban milioni 36 zimekwenda na upepo. "Baba yangu alikuwa kibarua wao," mzee akasema. "Alijua kwamba mvua haitoshi. Hakuulizwa, naye hakusema. Alikuwa analipwa."

Nimeiandika sentensi hiyo ya mwisho kwenye daftari.

Jumanne

Pikipiki mbili, vumbi jekundu, mibuyu iliyokonda kwa kiangazi. Vijiji sitavitaja majina. Wakazi wametupokea vizuri, na mambo mengine niliyoyaona ni ya kwao kuyasema.

"Mbukwenyi!" tukaamkia ofisini. "Mbukwa," wakaitikia, wakafurahi kwamba tumejaribu. Kitabu cha wageni, barua ya utambulisho, muhuri. Mtendaji ni kijana mpole mwenye vijiji viwili mikononi mwake, kwa sababu mwenzake amehamishwa na hajaja mwingine. Nimeomba kuona ubao wa matangazo. Una tangazo la chanjo ya mbuzi, karatasi za uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 zilizogeuka rangi ya chai, na ratiba ya kliniki. Taarifa ya mapato na matumizi haipo.

"Ilisomwa," Mtendaji akasema.

Ilisomwa kweli, muhtasari ninao mbele yangu. Ila ilisomwa kwenye Halmashauri ya Kijiji, yaani wale wajumbe 15 hadi 25 wanaokutana kila mwezi. Mkutano mkuu wa kijiji ni kitu kingine. Huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, unatakiwa uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu, na ndio wenye kauli ya mwisho kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982. Hapa mkutano uliitishwa mara mbili, akidi haikutimia mara zote mbili. Mwalimu akauliza uliitishwa siku gani. Siku ya mnada. Hakuna aliyecheka isipokuwa Mtendaji mwenyewe.

Mchana tumekwenda kwenye lambo. Ni kazi ya ajira za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini: kaya za walengwa zinafanya kazi siku 60 kwa mwaka, ujira shilingi 3,000 kwa siku, na mwishoni kijiji kinabaki na lambo, au barabara, au miti. Wanawake ni wengi kuliko wanaume. Karai kichwani, tope, nyimbo. Kitabu cha mahudhurio kiko kwa msimamizi, mwanakijiji mwenzao, na malipo yanafuata kilichoandikwa humo.

Mama mmoja wa makamo akanivuta pembeni. Akafungua khanga, akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mna mbegu za ubuyu. Hajui kusoma, kwa hiyo kila siku anayofanya kazi akifika nyumbani anatia mbegu moja. Tumezimwaga kwenye ungo tukahesabu: 28. Kitabu kina 25.

Nimekaa bohari miaka mingi, nimeona leja za kila namna, lakini sijapata kuona leja safi kama lile kopo. Halina kufutafuta, halina wino wa rangi mbili.

Tukafuatilia. Zile siku tatu msimamizi alikuwa msibani kijiji cha pili, kitabu kikabaki kimefungiwa ndani ya sanduku lake. Watu walifanya kazi, hakuna aliyeandika. Si wizi. Lakini ni shilingi 9,000 za kila mmoja aliyekuwapo, na walikuwapo wengi.

"Mbona hukusema, mama?"

Akainama. "Yule ni mkwe wangu. Kamuoa binti yangu. Mkwe utamwambiaje, hesabu yako haitoshi?"

Usiku Mwalimu alisema kwamba kwenye mafunzo hatukufundishwa somo la mkwe. Tulifundishwa fomu, viashiria, rangi ya kijani na nyekundu za kutilia alama. Kijijini mtunza stoo ni shemeji, mjumbe wa kamati ni mtoto wa baba mkubwa, fundi anaoa kwenye ukoo wako mwezi ujao. Mkaguzi wa nje anafika kwa gari, anauliza, anaondoka na gari lake. Mwanakijiji akiuliza, jioni anakutana kisimani na yule aliyemuuliza.

Jumatano

Hapa ndipo tumekaa sana.

Kijiji cha pili kinajenga madarasa mawili kwa utaratibu wa fosi akaunti. Kwa msomaji asiyejua: hakuna mkandarasi. Fedha inaingia kwenye akaunti ya shule, kijiji kinaunda kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, vifaa vinanunuliwa na wao, fundi wa mtaani analipwa ufundi tu. Kazi inakuwa nafuu kuliko kumlipa mkandarasi, na mradi ukiendeshwa hivyo watu wanajua ni wao. Mwaka 2021 yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO yalijengwa kwa mtindo huo nchi nzima, shilingi milioni 20 kila moja, tena kwa miezi michache. Lakini utaratibu wote umesimama juu ya mguu mmoja: kamati ya mapokezi. Manunuzi ananunua, ujenzi anatumia, mapokezi ndiye anayesema "hiki kimefika, na kimefika kizima".

Nimeanza na stoo, mazoea ya kazi. Saruji imepangwa juu ya mbao, haigusi ukuta, safi. Leja ina mifuko iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki; nimehesabu iliyobaki, imelingana. Nondo zimelingana. Mabati ni geji 28 kama mkataba unavyotaka. Wengi hawajui kwamba geji ikipanda namba bati linakuwa jembamba, kwa hiyo anayekuletea 30 badala ya 28 anaweza kukuambia amekuongezea, ukamshukuru. Nimesoma maandishi kwenye bati lenyewe, bati moja moja, kijana akipiga picha. Nimegonga tofali mbili, zimelia vizuri. Mtunza stoo, mtu wa miaka 40 hivi, ananifuata nyuma bila kusema neno, mikono nyuma kama mwanafunzi.

Kisha mchanga. Leja inasema tripu 18, kila tripu shilingi 120,000, jumla 2,160,000. Hati za kupokelea zipo 18. Sahihi za kamati ya mapokezi zipo 18. Hesabu imefunga.

Nje ya uzio wa shule kuna mama anauza maandazi na uji wa ulezi. Mwalimu, ambaye hapiti penye maandazi bila kusimama, alikuwa ameshakaa naye saa nzima. Mama yule anaamka kabla ya mwalimu mkuu na anaondoka baada ya fundi. Kila lori limepita mbele ya karai lake likamtilia vumbi kwenye mafuta, kwa hiyo analikumbuka.

"Tripu ni 18 kweli," akasema. "Saba za Fuso. Zile nyingine za Canter."

Nikarudi kwenye hati. Zimeandikwa "mchanga, tripu 1". Hazisemi lori gani. Canter ile, nilivyokuja kuiona baadaye imeegeshwa, inabeba nusu ya Fuso, tena kwa kuihurumia. Tripu 11 za nusu ni sawa na kukosa tripu tano na nusu. Kwa bei ya kijiji ni shilingi 660,000.

Nimekaa kwenye kivuli nikirudia hesabu mara tatu kwa sababu nilijionea haya. Karatasi zote zilikuwa sawa. Mimi mwenyewe ningetia tiki ya kijani nikapanda pikipiki. Kila mwaka, ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishawekwa bungeni mwezi Aprili, magazeti yanajaa mabilioni na sote tunapiga kelele vijiweni. Hili la laki sita na sitini haliwezi kuonekana kutoka Dodoma mjini, wala kutoka makao makuu ya wilaya. Linaonekana kutoka kwenye karai la maandazi, basi.

Mjumbe mmoja wa kamati ya mapokezi alitupokea kwake jioni. Akasema ukweli bila kuzungushazungusha: hati nyingi alisaini usiku, nyumbani, kwa mwanga wa simu. Aliletewa na mtunza stoo. Hakwenda kutazama lori.

"Kwa nini, baba?"

"Amemuoa dada yangu. Akija usiku na karatasi nimwambie ngoja nikatazame? Si nimemwita mwizi?"

Na hapakuwa na mtu mwingine wa kuuliza. Posho ya kamati hakuna, lori linakuja saa ambayo yeye yuko shambani, na kijiji kizima kilijitolea kusomba mawe na maji, kwa hiyo kila mtu aliona ameshatoa mchango wake.

Alhamisi

Mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mbuyu. Mwenyekiti aliitisha kwa saa nne, watu wametimia saa sita na nusu. Wanawake upande wa kushoto na watoto mgongoni, wazee kwenye magogo, vijana wamesimama mbali kidogo, tayari kuondoka. Wamehesabiwa, akidi ipo. Mtendaji alichagua siku isiyo ya mnada, nilimuuliza kabla hata sijamsalimia vizuri.

Tulikubaliana tangu usiku kwamba sisi wageni hatusemi. Tulichokiona tulimweleza Mwenyekiti, mbele ya Mtendaji, tukawaachia.

Taarifa ikasomwa. Anayejua mikutano hii anaijua sauti hiyo: "Salio anzia... fedha zilizopokelewa... matumizi..." haraka, bila kupumua, kama anayesoma wasia wa mtu asiyemjua. Ikafika "mchanga, shilingi milioni mbili laki moja na sitini elfu", ikapita. "Maswali?" Kimya. Mbuzi akalia. Mwenyekiti akatazama upande wangu, nikatazama mbuyu.

Ndipo akasimama mzee mmoja mwembamba, fimbo begani, akaanza kucheka kabla hajasema. Watu nao wakaanza kucheka. Jirani yangu akaninong'oneza: huyo ni mtani wa ukoo wa mtunza stoo.

Kwa Wagogo kila ukoo una watani wake, na mtani ana ruhusa ambayo mkwe hana, ndugu hana, hata mwenyekiti hana. Msibani anaweza kulala kaburini akidai apewe kitu. Hakasirikiwi. Ukimkasirikia unajiaibisha wewe.

"Mimi naulizia mchanga wetu," mzee akasema. "Una ugonjwa gani? Mtoni ulipanda lori umenenepa. Ukafika shuleni umekonda kama mbuzi wa mwezi wa kumi. Njiani uliharisha?"

Kicheko. Mtunza stoo naye akacheka, hana budi, akasimama.

"Mzee, mimi niliandika tripu. Sikuandika tumbo la lori."

Kicheko kikubwa zaidi, kisha kikakatika chenyewe. Watu walikuwa wamesikia jibu. Mama mmoja upande wa kushoto akasema bila kusimama: "Kwa hiyo tumbo lilikuwa dogo." Kijana mmoja kule nyuma akataja Canter ya nani. Mwingine akataja siku. Yule mjumbe wa mapokezi akainuka mwenyewe, mikono inatetemeka, akaeleza habari za kusaini usiku. Sikutarajia hilo. Dakika kumi zilizofuata nilisikia kuhusu mchanga mambo ambayo siku nzima ya leja haikunipa: nani alipakia, zamu gani, mwenye lori alilipwa kwa mkupuo mmoja kabla hajamaliza kuleta, na bei yenyewe ilikubaliwa kwa hesabu ya Fuso.

Mwalimu alinong'ona kwamba Katiba imeyasema yote kwenye Ibara ya 146, kupeleka madaraka kwa wananchi, ila haikutaja mtani. Nikamwambia anyamaze, tunasikiliza.

Azimio likaandikwa: mwenye lori aitwe na alete upungufu wa tripu tano na nusu, au arudishe fedha, hati zote kuanzia leo ziandikwe aina ya lori na ujazo, lori lisipakuliwe mpaka wajumbe wawili wa mapokezi wawepo, na wasitoke nyumba moja. Kuna aliyetaka mtunza stoo aondolewe palepale. Kura hazikutosha. Mimi ningempigia abaki, kwa ile saruji yake, lakini sina kura hapa.

Kisha wakaingia kwenye habari ya mipaka ya malisho, na hiyo ikaenda hadi jua linazama. Mchanga ulichukua dakika 40, malisho saa tatu.

Ijumaa

Pancha mbili. Tumelala njiani kwa jamaa ya dereva, tukala ugali wa uwele na mlenda.

Jumamosi

Kijiji cha tatu kilituita kwa sababu ya zahanati, na ya zahanati yaliisha saa tatu asubuhi. Kazi imesimama kwa kungoja fedha ya awamu ya pili, barua zipo, kila mtu anajua. Nilichokuja kukiandika ni ukuta wa nyumba ya pampu.

Maji hapa ni ya kisima kirefu kinachovutwa kwa umeme wa jua, na yanaendeshwa na chombo cha watumia maji cha jamii chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Nje ya ukuta, kwa mkaa, pameandikwa safu nne: wiki, uniti, ndoo, fedha. Mistari imefika karibu na paa.

Mweka hazina ni bibi wa miaka sitini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinieleza kama anavyoeleza mapishi. Dira ya maji inasoma uniti. Uniti moja ni lita 1,000. Lita 1,000 ni ndoo 50. Ndoo 50 kwa shilingi 50 ni shilingi 2,500. "Kwa hiyo nikiona dira imetembea uniti 40, nataka nione laki moja. Nikipewa elfu tisini na tano naelewa, koki zinavuja, mtoto kamwaga. Nikipewa elfu sabini, naomba aliyeshika koki aje tuongee."

"Na asipokuja?"

"Naandika elfu sabini ukutani. Atakuja."

Nikamuuliza nani aliwafundisha. Hakuna. Miaka ya nyuma pampu iliungua, wakafungua sanduku la fedha ya matengenezo, wakakuta haitoshi hata nauli ya fundi. Wanawake wakarudi kuchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji, muda mrefu, usiku wakiwa na tochi. Pampu iliporudi, walioshika ndoo wakasema daftari wasilione tena likiingia ndani ya nyumba ya mtu. Mkaa ni wao, ukuta ni wao, anayepita anasoma, asiyejua kusoma anamuuliza mtoto.

Kijana wetu alitaka kumtengenezea jedwali kwenye simu. Bibi akatazama simu, akatazama ukuta, akasema asante mwanangu.

Nilimuuliza pia kuhusu ukwe, maana lilikuwa linanisumbua tangu Jumanne. Mshika koki mmoja ni mkaza mwana wake. "Simwambii neno," akasema. "Ukuta unamwambia."

Jumapili

Tumerudi hadi Kibaigwa kupata basi. Mtandao ulipokamata, simu ya Mwalimu ikaita: mama wa maandazi.

Mchanga umeletwa jana. Mwenye lori hakubisha, ila alisema tano na nusu hana, ataanza na tatu. Yule mama wa kopo la ubuyu hatuna habari zake bado. Mtendaji aliahidi kupeleka marekebisho ya siku tatu kwa waratibu, na nimeandika tarehe ya kumpigia.

Kuna jingine. Mtunza stoo hamsalimii tena mama wa maandazi. Ijumaa ameambiwa asiuzie tena karibu na uzio, kwa sababu ya usafi wa wanafunzi. Amehamia ng'ambo ya barabara, kwenye jua, na watoto hawaruhusiwi kuvuka wakati wa mapumziko. Maandazi 60 aliyokuwa akiuza yamekuwa ishirini na kitu. Mwalimu alikuwa amekunja uso, akamwambia tutampigia Mwenyekiti leo hii. Tumempigia, hakupokea. Tumempigia tena tukiwa ndani ya basi, akapokea, akasema atalitazama.

Kabla hajakata, mama yule alituambia kwamba kule alikohamia anaona lango vizuri zaidi.

"Zile tripu tatu za jana," Mwalimu akamuuliza, "ni za Fuso?"

"Mbili za Fuso," akasema. "Moja Canter."